Masahihisho ya Masika

Jumamosi, 5 Aprili

Mashine imefika saa nne na dakika ishirini asubuhi kwa mkokoteni, ikisukumwa na wanaume sita. Uzito wake ni kilo mia nne na kumi, kwa mizani ya muuza vyuma chakavu wa Changamwe ambaye angeivunja Jumatatu kama nisingepita kwake kutafuta bomba. Ni mashine ya kuchapa ya kale: gurudumu kubwa pembeni, pedali ya kukanyaga kama ya cherehani, na mabamba mawili ya chuma yanayofunguka na kufunga kama taya. Ilikuwa ya misheni moja mpaka misheni hiyo ikanunua kompyuta.

Nimeandika habari za mahakama na bandari miaka thelathini na mmoja. Maneno yangu yalichapwa Nairobi na watu nisiowajua, na mashine yenyewe sikuiona hata siku moja. Nimestaafu tangu Desemba. Hiyo ndiyo sababu ya kuinunua, kwa wanaouliza. Nduku, jirani yangu wa mlango wa pili, ameuliza mara tatu.

"Mama Nyamvula, hii kitu inasaga nini?"

"Maneno."

"Na unga itatoka?"

Sofa imehamia barazani. Tulipofika mlangoni mvua ya kwanza ya masika ilianza, msukumaji mmoja akakimbia kujikinga, mkokoteni ukainama, na droo za herufi zikamwagika matopeni. Ni herufi za madini ya risasi, kila moja nyembamba kama njiti ya kiberiti, na ni maelfu. Tumezizoa kwa sufuria. Zimejaa sufuria nne.

Jumapili, 6 Aprili

Nimeosha herufi kwa sabuni ya unga. Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Droo ya herufi ndogo ina vyumba vingi vya ukubwa mbalimbali, kila herufi na chumba chake. Mtandaoni nimepata mchoro wa Kiingereza unaoonyesha kipi ni cha nani. Chumba kikubwa kuliko vyote, katikati, mbele kabisa ya mkono, ni cha e. Herufi a imepewa chumba cha wastani, chini, upande wa kulia. Nimeandika vibandiko na kuvigundisha kwa uji wa unga wa ngano. Kazi safi.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya tano ya kupanga herufi vyumbani. Zilizokwisha kupangwa: 2,640. Herufi za a zimejaa chumba chake mpaka zikamwagika, na za ziada nimezitia katika kopo la maziwa ya unga. Chumba kikubwa cha e hakijafika hata nusu. Naona misheni ilinunua herufi bila mpango wowote.

Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Odhiambo, fundi wa pikipiki wa kona ya pili, amekuja kuiangalia mashine. Ameizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama daktari wa mifugo.

"Madam, hii ndio chuma. Si hizi bati za siku hizi."

"Itazunguka?"

"Kuzunguka itazunguka. Swali ni kama itasimama."

Rola za kupakia wino zimeliwa na panya. Sikujua kwamba zamani rola zilitengenezwa kwa gundi na molasi, na kwa panya hicho ni chakula cha sikukuu. Odhiambo atatengeneza nyingine za mpira. Ameondoka na moja kwapani kama kielelezo. Mbwa wa Nduku amemfuata hadi kona.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Kanisani. Mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Mashine inazunguka. Inasimama pia, ukiweka matofali.

Mimi sijui kuiendesha, na video za mtandaoni zinaonyesha wazungu wenye ndevu katika nyumba zisizovuja. Nimekwenda misheni kuuliza ni nani waliofanya kazi na mashine hii. Karani amenitajia wanne. Wawili wamefariki, mmoja yuko Kanada, na wa nne yuko Jomvu Kuu, hapokei simu kwa sababu hana.

Jumamosi, 26 Aprili

Jomvu Kuu. Anaitwa Abdulghani Mwinyihaji, miaka sabini na sita, mrefu, kofia ya vito iliyofuliwa mpaka ikawa rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa mpanga herufi wa misheni kwa miaka ishirini na sita. Ni mtoto wa chuoni, babake alikuwa mwadhini, na anajua nyimbo za kanisa mia tatu kwa moyo kwa sababu alizipanga zote, herufi kwa herufi, kinyumenyume.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Nyamvula Tinga, natoka Changamwe. Mashine yenu iko kwangu."

Alinisogelea.

"Ile yenye ufa kwenye pedali?"

"Hiyo hiyo."

"Basi si mashine yetu. Ni mashine yangu. Ngoja nivae viatu."

Bintiye, Rukia, alimzuia mlangoni kwa sababu ya mvua, na hapo ndipo nilipoelezwa mambo yalivyo. Mjukuu wake, Jalila, anaolewa Ijumaa ya tarehe 20 Juni. Jalila alipokuwa darasa la pili babu alimwahidi kwamba kadi za harusi yake atazipanga kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka uliofuata misheni ikafunga kiwanda. Mashine ikaondoka, ahadi ikabaki.

"Baba, siku hizi watu hualikwa kwa simu," Rukia alisema.

"Simu haialiki mtu, Rukia. Simu yaarifu."

Nimeuliza tofauti. Jomvu Kuu, mtu asiyeletewa mwaliko mlangoni na mwanamke wa nyumba yenye harusi hukaa kwake siku hiyo, husikiliza vigelegele dirishani, na hukasirika miaka kumi.

Rukia ameweka sharti. Kadi mia tatu ziwe mkononi mwake Jumamosi, 31 Mei. La sivyo ataagiza mjini. Kisha akanivuta ukumbini. Mwezi wa Ramadhani babake aliacha jiko la gesi likiwaka akaenda msikitini.

"Sitaki kumwonea, Bi Nyamvula. Lakini nikiona amechanganyikiwa tena, harusi ikisha atakwenda Lamu kwa kakangu. Huko kuna watu wa kumtazama mchana kutwa."

"Nasikia!" sauti ikatoka uani. "Lamu! Kwa sababu ya jiko!"

Jumanne, 29 Aprili

Somo la kwanza. Mwalimu wangu, Mzee Abdulghani, amekuja kwa tuktuk, akaishika mashine kwenye bega, akaipiga kofi dogo, akaomba kiti na chai.

Hana miwani. Jalila aliikalia siku ya Idd, na mpya hajaenda kuipima. Nilipouliza ataonaje, alinitazama, au alitazama upande wangu.

"Herufi hazisomwi, Bi Nyamvula. Zashikwa. Mbavuni pana mfuo, kama mfereji mdogo. Kidole gumba kikiupata mfuo, herufi imesimama sawa. Mato ni ya kutazamia mvua."

Sheria yake ni kwamba mwanafunzi hupanga na mwalimu hunywa chai. Nimesimama saa mbili na kibati cha kupangia katika mkono wa kushoto. Nimepanga jina langu. Lilitoka kinyume, kama inavyotakiwa, na nilipoliinua likaanguka lote.

Jumamosi, 3 Mei

Somo la pili. Jina halikuanguka.

Jumanne, 6 Mei

Somo la tatu. Nilikuwa napanga mstari mrefu, yeye amefumba macho kitini, nikadhani amesinzia.

"Mbona a waifuata mbali hivyo?"

"Iko mbali, Mwalimu."

"Hm," akasema, akanyoosha kikombe kiongezwe chai.

Nimeandika hilo kwa ukamilifu tu. Mvua, siku ya kumi mfululizo. Nduku amegundua kwamba gurudumu la mashine ni kubwa kiasi cha kuanikia shuka, na sasa hujialika.

Alhamisi, 8 Mei

Nimechapa karatasi yangu ya kwanza: NYAMVULA TINGA, CHANGAMWE. Nimeitazama kwa dakika kadhaa. Nduku ameiomba akafungie vitumbua.

Jumatano, 14 Mei

Odhiambo ameleta rola za mwisho. Mwalimu amezipapasa, akasema ni ngumu kama moyo wa mwenye nyumba, lakini zitafaa. Ijumaa atapanga kadi ya Jalila mwenyewe. Itakuwa mara yake ya kwanza kugusa herufi tangu kiwanda kifungwe.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika haya mapema jioni, kwa mpangilio wa matukio.

Alifika baada ya swala ya Ijumaa, kanzu nyeupe imepigwa pasi. Nyuma yake walikuja Rukia na Jalila, waje washuhudie. Nduku alikuwepo kwa sababu ya shuka. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba ilibidi tuzungumze kwa sauti.

Akakunja mikono ya kanzu mara mbili, akasimama mbele ya droo, akapitisha kiganja hewani juu ya vyumba bila kugusa, kama mtu anayesikiliza joto la chapati. Kisha akaanza.

Nimeona watu wengi wakifanya kazi zao vizuri: mawakili, wezi, mwendesha winchi mmoja wa bandarini. Sijaona kama ile. Kibati kushoto, mkono wa kulia ukienda na kurudi kama kuku anayedonoa, tik, tik, tik, na uso ameuelekeza dirishani. Mimi hupanga mstari mmoja kwa dakika kumi na nne. Yeye alimaliza mistari kumi na miwili kwa dakika hamsini na tano. Alipofika kwenye jina la bibi harusi alitulia, akavuta pumzi, akaendelea. Hakutazama chini hata mara moja.

Akafunga mistari ndani ya fremu, akaikaza kwa kabari, nikapaka wino, akakanyaga pedali. Taya zikafunga na kufunguka. Akamkabidhi Jalila karatasi, bado mbichi.

"Soma, bibi harusi."

Jalila akasoma.

"Femilie ye Bwene Abdulgheni Mwinyiheji we Jomvu Kuu ine furehe kubwe kukuelike ketike herusi ye mjukuu..." Sauti ilipungua. "...mjukuu weka Jalile."

Mvua ikaendelea peke yake.

"Mnaalika Wafaransa?" Nduku akauliza.

"Nduku," nikasema.

"Mimi nauliza tu."

"Ngoja," Jalila akasema haraka, "hapa kwenye jina langu, a ya kwanza iko sawa. Babu, nusu umeipata."

Babu aliichukua karatasi, akaisogeza mpaka ikagusa pua, akairudisha.

"Soma tena."

Akasoma tena. Ilikuwa vilevile.

Abdulghani akachukua kitambaa cha mafuta ya taa, akafuta vidole kimoja kimoja, kumi vyote.

"Mato yalikwenda, nikasema mkono upo," alisema. "Basi. Na mkono nao."

Nilitarajia Rukia aseme neno kali. Badala yake alimshusha mikono ya kanzu, akamfunga kishikizo, akamwongoza mlangoni kwa kumshika kiwiko. Siku zote nilizomwona hakukubali kushikwa kiwiko. Leo alikubali.

Mlangoni Rukia aliniambia Jumatatu ya tarehe 26 atakwenda mjini kuagiza kadi. Na leo hii atampigia simu kakake wa Lamu.

Maoni yangu kama shahidi: mzee amechoka. Mtu wa miaka sabini na sita asiye na miwani hawezi kupanga herufi, na nilipaswa kulijua hilo kabla ya kuita hadhira.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua.

Jumapili, 18 Mei

Mvua. Nduku amekuja kuomba radhi kwa ajili ya Wafaransa. Nimemwambia mwenye kuombwa radhi yuko Jomvu Kuu. "Sasa nitavuka highway na hii mvua nikaombe radhi ya mchezo?" Ameacha sahani ya maharagwe.

Jumatatu, 19 Mei

Ilibidi niibomoe kadi na kurudisha herufi vyumbani. Kwa mazoea nimehesabu makosa kwanza, kama ninavyohesabu mashahidi.

Katika maandishi aliyonipa Jalila kulikuwa na a ndogo 87. Katika chapa, 86 zimetoka e. Moja tu, ile ya jina la Jalila, imetoka a. Herufi e zilikuwa 22. Zote 22 zimetoka a. Jumla ya makosa ni 108. Herufi nyingine zote, na ni mamia, ziko sawa. Nafasi kati ya maneno ziko sawa. Mistari imenyooka kama rula.

Nimekaa na hesabu hii mchana wote. Nimesikiliza wazee wengi kizimbani, na mtu aliyesahau hukosea ovyo: leo jina, kesho tarehe, keshokutwa mke. Huyu amekosea kwa nidhamu.

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Chumvi imegeuka maji. Biskuti zinakunjika.

Jumatano, 21 Mei

Saa tatu asubuhi nilivuta droo. Unyevu umeshinda gundi yangu ya unga. Vibandiko tisa vimebanduka, na kimojawapo ni kile cha chumba kikubwa cha katikati, nilichokiandika e.

Chini ya kibandiko, kwenye mbao, kuna herufi iliyochorwa kwa msumari zamani sana. Mchoro umelainika kwa kupitiwa na vidole. Ni a.

Nimebandua na kibandiko cha chumba cha chini kulia, nilichokiandika a, kwa kisu. Chini yake kuna e.

Odhiambo alikuwa chini ya mashine akitia grisi. Nilimsomea mambo yote mawili kwa sauti. Alitoa kichwa.

"Sasa ajabu iko wapi, madam? Mi spana yangu namba kumi inakaa mfuko wa mbele, juu ndio natumia sana. Kiswahili ni a, a, a, a. Watu walinunua droo ya mzungu, wakapanga vyombo vyao."

Alirudi chini. Nimekaa kwenye ndoo.

Kwa hiyo mambo ni haya. Wapanga herufi wa misheni walibadilisha vyumba vya a na e, kwa sababu Kiingereza hula e na Kiswahili hula a. Miaka ishirini na sita mkono wa Abdulghani ulikwenda katikati kutafuta a ukaikuta. Kisha nikaja mimi, mwanamke wa Kigiriama aliyezaliwa Kaloleni, niliyeandika Kiswahili maisha yangu yote, nikapanga herufi za Kiswahili kwa mchoro wa Kiingereza. Kopo la maziwa lililojaa a lilikuwa mezani muda wote likinitazama. Mzee mwenyewe aliniuliza kwa nini a naifuata mbali, nikamjazia chai.

Mkono haukusahau kitu. Ulikuwa ndio pekee chumbani humu uliokumbuka.

Alhamisi, 22 Mei

Nimehamisha herufi. Za a zimeingia chumba kikubwa pamoja na zile za kopo, na zimekijaza sawasawa, hapana hata moja iliyobaki.

Gazeti likikosea hutoa masahihisho, kwa kawaida ukurasa wa ndani, chini, karibu na matangazo ya viwanja. Nimewahi kuandikiwa manne. Yangu haya nimeyapanga mwenyewe, kwa saa tano na nusu, na kuyachapa kwenye kadi nene:

MASAHIHISHO. Tarehe 16 Mei, katika karatasi iliyochapwa nyumbani kwangu Changamwe, kulitokea makosa 108 ya herufi. Makosa hayo yalidhaniwa kuwa ya Bwana Abdulghani Mwinyihaji. Si kweli. Mimi nilitia a katika chumba cha e, na e katika chumba cha a. Mkono wa Bwana Abdulghani ulikwenda mahali pake. Herufi ndizo zilizokuwa ugenini. Kosa ni langu, nami nalisikitikia. Nyamvula Tinga.

Nimechapa nakala kumi na mbili. Nduku ameomba moja. Nimemwuliza kama ni ya vitumbua. Amesema hapana, ni ya ukutani.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda Jomvu Kuu kwa miguu kutoka barabara kuu, kadi ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya blauzi. Ningeweza kumpigia Rukia simu. Lakini simu yaarifu.

Nilimkuta Abdulghani ukumbini, kofia magotini. Pembeni palikuwa na sanduku la nguo, wazi. Halijajazwa bado, lakini limeshafunguliwa.

Nilimpa Rukia kadi, akasoma kwa sauti. Alipofika "herufi ndizo zilizokuwa ugenini" alisimama, akarudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Jalila alitoka jikoni na unga mikononi.

"Kwa hivyo Babu hakukosea?"

"Mia na nane ni zangu," nikasema. "Nimezihesabu."

Mzee alinyoosha mkono, apewe kadi. Hakuisogeza puani. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba nyuma ya karatasi, polepole, mstari kwa mstari. Tulingoja. Niliwahi kungoja hukumu kwa utulivu zaidi.

"Nani aliyekaza hini fremu?"

"Mimi, Mwalimu."

"Mstari wa nne walegea."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na umekandamiza mno. Karatasi imetoboka. Wachapa ama wapiga ng'ombe chapa?"

"Nilikuwa na haraka."

"Yaonekana." Akaweka kadi kifuani mwa kanzu, akavaa kofia, akasimama. "Wallahi, hapana mtu atakayeona jina langu kwenye kazi hini. Viatu vyangu viko wapi?"

"Baba, mvua," Rukia akasema.

"Mvua naijua tangu hujazaliwa."

Rukia alinitazama, akalitazama sanduku. Kisha akainama, akatoa kutoka chini ya kitanda viatu, akavipangusa kwa leso yake, akaviweka mbele ya miguu ya babake. Tulipotoka nililisikia sanduku likifungwa.

Jumamosi, 24 Mei

Kadi ya Jalila imepangwa upya kwa dakika arobaini na nane. Nilisoma chapa ya majaribio mara nne, kisha nikaisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Hakuna kosa. Mzee ametazama mvua muda wote.

Jumapili, 25 Mei

Kadi 60. Wino haukauki.

Jumatatu, 26 Mei

Kadi 140. Wino bado haukauki. Kadi zimening'inizwa kwa vibanio kwenye kamba sebuleni, chumbani na barazani juu ya sofa. Rukia hakwenda mjini.

Jumanne, 27 Mei

Kadi 210. Kamba zimekwisha kwangu, tumehamia kwa Nduku. Amepika maharagwe chini ya kadi thelathini na tano. Nimemwomba asikaange kitu.

Jumatano, 28 Mei

Amekaanga. Kadi kumi na moja zina harufu ya dagaa. Mwalimu amezinusa akasema zipelekwe upande wa bwana harusi.

Alhamisi, 29 Mei

Kadi 300, pamoja na kumi na moja za kufidia dagaa. Odhiambo ameleta feni kubwa ya karakana. Tumeielekeza ukutani, si kwenye kadi, baada ya jaribio la kwanza lililopeleka Jalila ishirini na wawili uani.

Ijumaa, 30 Mei

Zimekauka.

Jumamosi, 31 Mei

Rukia amepokea kadi mia tatu saa tano asubuhi. Alipitisha kidole nyuma ya moja, kama alivyofanya babake. Alasiri yeye, shangazi zake wawili na Jalila walitoka na mabuibui na miavuli, wakaanza mlango wa kwanza karibu na msikiti. Mzee aliketi kibarazani akisikiliza hodi zikipigwa nyumba kwa nyumba, akizitaja kwa majina: "Hapo kwa Mwanahamisi. Hapo kwa wale wenye kelele. Hapo wameruka... la, wamerudi."

Jumamosi, 7 Juni

Idd ya kuchinja. Nimeletewa pilau na mguu wa mbuzi. Manyunyu tu.

Ijumaa, 20 Juni

Harusi. Walikuja watu wengi kuliko viti. Bibi mmoja mkongwe alikuja na kadi mkononi kama hati ya mahakama, akamwonyesha kila aliyekaa karibu kwamba ukiigusa nyuma, jina la Jalila lina mgongo. Nduku alialikwa, mlangoni, na kadi yake mwenyewe. Alimwomba mzee radhi kwa ajili ya Wafaransa. Alijibiwa kwamba wangekuja, wangelishwa.

Kakake Rukia alikuja kutoka Lamu. Alirudi Lamu peke yake.

Jumatatu, 23 Juni

Asubuhi kavu. Saa mbili kamili nimesikia hodi. Ni Mwalimu, amekuja peke yake, na miwani mpya inayomfanya aonekane kama hakimu.

Nimempa kiti. Hakukaa. Alikwenda kwenye msumari ninaotundikia karatasi za majaribio, akazipekua, akaitoa ile ya tarehe 16 Mei. Akaisoma yote, kwa mara ya kwanza, kwa macho yake. Midomo ilicheza alipofika "kukuelike." Kisha akaweka kidole kwenye jina la mjukuu wake.

"Hini a hapa."

"Ndiyo hiyo iliyotoka sawa," nikasema.

"Ndiyo niliyokosea."

Miaka thelathini na mmoja imenifunza kwamba mtu akianza kusema ukweli hupaswi kumsaidia.

"Chumba cha a mulitia e," alisema. "Ili itoke a, mkono wangu lazima ulikwenda pasipo pake. Mia na nane ni zako, sawa. Hini moja ni yangu. Ilikuwa jina la mtoto. Mkono ulitikisika."

"Nalijua hilo tangu tarehe 21 Mei."

Alinitazama juu ya miwani.

"Na kwenye masahihisho hukuliandika."

"Yale yalikuwa masahihisho yangu, Mwalimu. Hili ni lako."

Alifikiri. Nje Nduku alikuwa akianika shuka juani, kwenye kamba, kama watu wengine.

"Na Rukia utamwambia?"

"Nimestaafu," nikasema.

Akatikisa kichwa mara moja, akakunja mikono ya kanzu. Akaichukua ile karatasi, akafutia wino wa zamani kwenye rola, pande zote mbili, mpaka hapakusomeka kitu.